Mtoto hakutazama, au mashine haikumwona? Mwongozo wa kufuatilia macho ya watoto wenye usonji na matatizo mengine ya ukuaji wa ubongo

Kabla hujawasha chochote, andika swali hilo kwa kalamu nene, ulibandike mahali utakapoliona kila siku ya kazi. Mashine ya kufuatilia macho ikishindwa kuliona jicho la mtoto, inaacha pengo kwenye faili. Mtoto akigeuka kumtafuta mama yake, faili linaacha pengo lilelile. Ukikaa baadaye kuchambua, mapengo hayo mawili yanafanana kama Kulwa na Doto, na mwenye haraka ataandika kwamba mtoto anakwepa nyuso za watu.

Nawaandikia wanafunzi wa udaktari, saikolojia na elimu maalumu walioko Mwanza na kandokando ya ziwa, ambao wamepata mashine au wako mbioni kuipata. Kazi hii inawezekana kwetu. Nchini Malawi watoto wa miezi 9 walipimwa kwa njia hii vijijini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Kinachonifanya niipende ni kwamba haimdai mtoto maneno. Mtihani wa karatasi unataka aelewe maelekezo, ajue Kiswahili cha shule, ashike penseli. Mtoto wa Magu aliyelelewa kwa Kisukuma nyumbani anaweza kukosa jibu la kitu anachokijua kabisa. Jicho halingoji mkalimani.

Jicho linafanyaje, na mashine inafanyaje

Katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kuna sehemu ndogo sana inayoona kwa ukali, upana wake kama nyuzi 1 hadi 2 hivi za pembe ya kuona. Kwa sababu hiyo jicho halitulii: linatua, linaruka, linatua tena. Mirukoruko hiyo ilikwisha elezwa kwa wasomaji tangu mwishoni mwa miaka ya 1870. Mtuo mmoja kwa kawaida huchukua milisekunde 200 hadi 300. Mruko huchukua makumi machache tu ya milisekunde.

Mashine humulika jicho kwa mwanga wa infraredi ambao mtoto hauoni. Kamera inapiga picha mara 60, 120, 500, hata 1,000 kwa sekunde, na programu inapima umbali kati ya kitovu cha mboni na kile kinukta kinachong'aa juu ya konea, yaani kioo cha mbele ya jicho. Jicho likigeuka, mboni inahama lakini kinukta kinabaki karibu palepale. Kutokana na tofauti hiyo ndipo inajulikana jicho linaelekea wapi. Msihofu kuhusu macho yetu ya kahawia. Chini ya infraredi rangi hiyo inarudisha mwanga vizuri na mboni inajitokeza nyeusi. Tatizo ni wanja, na nitalirudia.

Hatua ya 1: Chagua swali moja

Usimkalishe mtoto mbele ya skrini "tuone kitakachotokea". Amua unataka kujua nini, kisha chagua kazi inayojibu hicho.

Kama swali lako ni namna mtoto mwenye usonji anavyowatazama watu, mwonyeshe video fupi za watu wakizungumza na kucheza. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Ami Klin na wenzake walionyesha kwamba vijana wenye usonji, wakitazama sinema, waliangalia macho ya waigizaji kidogo, na midomo, miili na vitu zaidi. Mwaka 2013 yeye na Warren Jones wakaonyesha jambo lililonigusa zaidi: watoto wachanga ambao baadaye walitambuliwa kuwa na usonji walianza kwa kutazama macho ya watu kama wengine, kisha kutazama huko kukapungua kati ya umri wa miezi 2 na 6.

Matokeo hayo msiyabebe kama yalivyo. Mtoto wa huku anafundishwa kuinamisha macho anapomwamkia mkubwa. Video ya mzee anayemkazia macho inaweza kumfanya mtoto asiye na tatizo lolote aangalie chini. Kwa hiyo kundi la kulinganishia litoke mitaa ileile, umri uleule. Takwimu za watoto wa Marekani, ambako tafiti hizo zilifanyika, hazitakusaidia hapo.

Kama swali ni jinsi umakini unavyohama, kuna kazi rahisi ya picha mbili. Picha ya katikati inaonekana, kisha nyingine inatokea pembeni. Mara nyingine ya katikati inazimwa kwanza, mara nyingine inabaki. Ikibaki, jicho linachelewa kuondoka, na ukubwa wa uchelewaji huo ndio unaoupima. Watoto wadogo kabisa wanaiweza.

Kwa watoto wakubwa wenye ADHD, yaani wale ambao utulivu na umakini vinawapa shida, kuna kazi ya kutazama upande wa pili: kinukta kikitokea kushoto, atazame kulia. Kujizuia ndiko kunakopimwa, na watoto hao kwa wastani hukosea zaidi. Ila hii inahitaji maelekezo, kwa hiyo mweleze kwa lugha ya nyumbani kwao na mfanye mazoezi hadi uhakikishe ameelewa. Mtoto ambaye hajaelewa na mtoto aliyeshindwa kujizuia watapata alama ileile.

Kuhusu disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma, nina neno la tahadhari. Vitabu vitakwambia kwamba msomaji mzoefu wa Kiingereza huruka herufi 7 hadi 9 kwa mara moja. Kipimo hicho hakituhusu. Sisi tuna neno kama "hawakutuandikia", herufi 15, ndani yake mna kukanusha, mtendaji, wakati, mtendewa na tendo. Mtoto wa darasa la tatu akitua mara tatu juu ya neno hilo, huenda anasoma sawasawa. Wapime kwanza watoto wanaosoma vizuri shule ileile, kwa aya ileile. Na kumbuka kwamba mituo mirefu na kurudi nyuma mara kwa mara huwa ni matokeo ya kusoma kwa shida. Ukiona macho yanahangaika, usihitimishe kwamba macho ndiyo chanzo.

Hatua ya 2: Vibali

Hapa sitakaa sana, ila msiruke. Mwanza kuna kamati za maadili ya utafiti, na iko ya taifa chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, nao wana utaratibu wao wa vibali. Anzeni mapema. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo mzazi au mlezi ndiye anayesaini. Mtoto naye aulizwe, na akitikisa kichwa kukataa, imetosha. Video ya uso wake ni taarifa binafsi inayolindwa na sheria ya mwaka 2022, basi fomu ya ridhaa iwe na sehemu ya peke yake ya video: nani ataiona, itahifadhiwa wapi, itafutwa lini.

Hatua ya 3: Chumba na kiti

Jua letu limejaa infraredi. Mwanga ukiingia dirishani ukampiga mtoto shavuni, mashine inapofuka. Pazia la kitenge halitoshi. Tafuta kitambaa kizito cheusi, ukifunge hadi chini. Taa za ndani ziwe zilezile asubuhi na mchana, hasa kama unapima upana wa mboni, maana mboni husinyaa kwa mwanga kabla ya kusinyaa au kupanuka kwa sababu nyingine yoyote. Umeme ukikatika katikati ya kipimo mtoto hushtuka na huenda asitake kukaa tena, kwa hiyo kompyuta, skrini na mashine vyote vipite kwenye betri ya akiba.

Sasa kiti. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii tulipima watoto kwenye kliniki moja, tukitumia kiti cha plastiki kilichokuwa mapokezi. Tulianza na picha za maumbo yanayozunguka, tukamalizia na video za nyuso. Faili zilipotoka, watoto wenye usonji walikuwa wametazama maumbo vizuri, na kwenye nyuso kulikuwa na mapengo matupu. Tukaanza kuandika ripoti: wanapenda maumbo, wanakwepa nyuso. Mwenzangu mmoja akasema tuangalie kwanza video za kamera ya pembeni.

Mtoto wa kwanza: dakika ya kwanza ameketi wima. Dakika ya tatu miguu inaning'inia, kiuno kinateleza. Dakika ya tano kidevu kiko usawa wa meza, na macho yake, ambayo yalikuwa wazi kabisa na yakitazama skrini, yametoka nje ya eneo ambalo mashine inaona. Wa pili vivyo hivyo. Wengi wa watoto hao misuli yao ilikuwa milegevu, jambo linaloonekana mara nyingi kwenye usonji, na kiti hakikuwa na pa kukanyaga. Wale wa kulinganishwa nao waliweza kujishikilia. Tulikuwa tumepima kiti. Ripoti tuliifuta, na wazazi waliosafiri kutoka Sengerema na Misungwi tulilazimika kuwaeleza kwamba siku yao haikuzaa kitu.

Tangu hapo ninafanya hivi. Kiti kina mgongo na pa kuegemeza mikono. Chini ya miguu tunaweka kreti ya soda iliyogeuzwa. Khanga iliyokunjwa inajaza nafasi pembeni ya kiuno. Pembeni ya skrini kuna kamba yenye fundo kwenye sentimita 60. Kabla ya kila kipimo ninaivuta hadi penye paji la uso wa mtoto bila kumgusa. Mtoto mdogo anakaa mapajani kwa mama, na mama anashusha mtandio kufunika macho yake, ili mashine isiyashike macho yake badala ya ya mwanawe, na ili asimwongoze bila kujua. Na picha zinachanganywa: maumbo na nyuso kwa zamu, kila mtoto mpangilio wake.

Hatua ya 4: Picha na video

Tengeneza za kwako. Mtoto wa Kirumba akionyeshwa theluji na mashine ya kuosha vyombo, atazitazama kwa sababu ni ngeni, na wewe utadhani umepima jambo jingine. Rekodi watu wa hapa, kwa ridhaa yao: mama anachambua dagaa, watoto wanaruka kamba, kaka anafuta bajaji.

Video yetu ya kwanza tuliipiga ufukweni saa tisa alasiri. Ziwa lilikuwa nyuma ya dada aliyekuwa akizungumza, maji yanameta, uso wake umekuwa kivuli. Watoto wote, wenye usonji na wasio nao, walitazama maji, na walikuwa na haki. Tukarudia saa mbili asubuhi, uso ukielekea jua, nyuma yake ukuta wa rangi moja. Angalia kila video hivi: ipunguze ukubwa, isogeze mbali, ukunje macho. Kitu kinachong'aa kuliko vyote kikiwa si kile unachokiulizia, piga upya.

Uso uwe mkubwa. Kwa umbali wa sentimita 60, nyuzi 1 ni takriban sentimita 1 kwenye skrini. Uso wenye urefu wa sentimita 6 una kama sentimita 2 tu kati ya macho na mdomo. Mashine ikikosea kwa nyuzi 1.5, huna haki ya kusema alitazama kipi. Uso wa sentimita 18 unakupa sentimita 6 hivi, na hapo unaweza kuzungumza.

Hatua ya 5: Mtoto anapofika

Mpe muda. Bibi aliyemleta mwamkie vizuri, "Mwangaluka" kama lugha yake ni Kisukuma, na mtoto aizunguke mashine apendavyo. Muulize mlezi: amekula? Amelala njiani? Anatumia dawa za kifafa, amemeza leo? Dawa hizo zinaweza kumpa usingizi.

Kisha macho yenyewe. Ana makengeza? Mboni zinachezacheza? Anaona mbali? Kadi ya herufi E ni dakika chache tu, na watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wana shida ya kuona ambayo hakuna aliyewahi kuipima. Ukiigundua, rufaa ya macho inatangulia utafiti wako.

Na wanja. Mama amempamba mwanawe kwa safari ya mjini, naye amependeza. Lakini mstari ule mweusi programu inaweza kuuchukua kuwa ni ukingo wa mboni. Usiufute mwenyewe. Sema, "Mama, mashine yetu inachanganya wanja na mboni. Utaniruhusu tumfute kidogo kwa mafuta, ukimaliza umpake tena?" Afute mama. Vizuri zaidi ni kulisema siku unapompigia simu kumkaribisha.

Hatua ya 6: Kalibresheni

Hapa ndipo mashine inapojifunza jicho la mtoto huyu. Vinukta vinatokea sehemu kadhaa za skrini, yeye anavitazama, programu inakariri. Kwa mtu mzima tunatumia 9. Kwa mtoto 5, na kwa mchanga hata 2. Badala ya kinukta kitupu, weka kifaranga kinachodonoa na sauti yake. Usibonyeze mara tu kinapotokea. Ngoja jicho lifike na litue.

Ukimaliza, onyesha vifaranga tena upime kosa. Chini ya nyuzi 1 ni vizuri kwa mtoto. Ikizidi, rudia mara moja au mbili, kisha endelea au ahirisha kulingana na alivyochoka. Andika kosa la kila mtoto, usiandike la wastani lililotoka kwenye kijitabu cha kiwanda. Wale wa kiwandani walipima watu wazima waliotulia.

Hatua ya 7: Kupima

Dakika 5, pumziko, dakika 5. Kamera ya pembeni, hata simu ya kawaida kwenye kishikizo, irekodi uso wa mtoto muda wote, na mwanzoni toa mlio mmoja ambao kamera na kompyuta zote zitaunasa ili baadaye uzioanishe. Usimwambie "tazama hapa". Akiinuka, mwache ainuke. Akipiga makofi au kujitikisa, ndivyo anavyojituliza, usimshike mikono.

Hatua ya 8: Kuchambua

Mtu asiyejua mtoto yuko kundi gani akae na video za pembeni, na kwa kila pengo refu aandike moja kati ya mambo matatu: aligeuka, alifumba, au alikuwa anatazama na mashine haikumwona. Ni kazi ya kuchosha, inakula siku nzima kwa watoto wachache. Bila hiyo sijui utasimamaje mbele za watu kueleza mapengo yako.

Chukua mfano. Video ya sekunde 8 kwenye mashine ya hezi 60, yaani inayopiga picha 60 kwa sekunde, ina picha 480, ambazo tunaziita sampuli. Mtoto wa kwanza mashine ilimwona kwenye sampuli 432, uso aliutazama 216. Wa pili ilimwona kwenye 240 tu, uso aliutazama 120. Ukigawa kwa 480, wa kwanza ana asilimia 45 na wa pili 25, na tayari una hadithi ya kusikitisha. Ukigawa kwa muda ambao mashine iliwaona, wote wana asilimia 50. Lakini hata hiyo 50 ya pili inaaminika tu kama mapengo hayakutokea hasa pale uso ulipoonekana, na hilo utalijua kwa video ya pembeni.

Kuna mtego mwingine unaojificha zaidi. Data yenye mtetemo hukatakata mtuo mmoja mrefu kuwa mituo mitatu mifupi. Mtoto anayetikisika kitini ataonekana ana umakini wa kurukaruka, kumbe programu imekata. Kwa hiyo linganisha kwanza makundi kwa ubora wa data: mapengo, mtetemo, kosa la kalibresheni. Yakitofautiana hapo, tofauti ya mituo usiipe maana yoyote kabla ya kulirekebisha hilo. Na vigezo vya kuondoa jaribio, mfano lenye chini ya nusu ya sampuli, viandikwe na kuwekewa tarehe kabla hujaona matokeo. Programu ya PsychoPy ya kuonyeshea picha na ile ya R ya kuchambulia zote ni za bure.

Hatua ya 9: Kuzungumza na mzazi

Atakuuliza. Mama mmoja wa Igoma, mwanawe wa miaka minne amelala begani, aliniuliza kwa sauti ndogo: "Daktari, mashine imesemaje? Ataongea?"

Nilimjibu hivi: "Mama, mashine imetuonyesha alikotazama leo, basi. Haijasema ana ugonjwa gani, wala haijui kama ataongea. Anayeweza kukusaidia kwa hilo ni mtaalamu wa watoto, nami nitakuandikia barua ya Hospitali ya Bugando leo hii. Usingoje utafiti wetu uishe." Ni kweli kwamba Marekani mwaka 2022 waliruhusu kifaa cha macho kimsaidie mtaalamu kutambua usonji kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Kinamsaidia mtaalamu, na kimejengwa kwa watoto wa kule. Mzazi aliyesoma habari hiyo kwenye simu anastahili kuelezwa tofauti hiyo taratibu, akiwa ameketi, kabla hajaondoka.

Wakishaenda, kabla hujazima mashine, fungua daftari uandike ukiwa bado unakumbuka. Ukurasa wangu wa mwisho wa wiki iliyopita uko hivi: "Mtoto wa 17. Asubuhi. Wanja umefutwa na bibi. Kosa nyuzi 0.8. Dakika ya 3 pikipiki imepita nje, akageuka, akarudi mwenyewe. Dakika ya 6 kreti imesogea, mguu wa kushoto hewani, nimesimamisha, nimerudisha. Video ya dada na dagaa: amecheka. Mapengo ya mwisho: mlango, bibi aliingia."